Albamu ya Kusikiliza Umekaa

Wiki iliyopita nilichungulia studio ya redio ya chuo, nikamwona binti akisifia albamu mpya. Nikamkumbuka dada Milembe.

Mchana mmoja nilipokuwa mdogo, harufu ya samaki sato ilijaa jikoni, mafuta yakichachatika. Mama alikuwa amemnunia dada tangu aache ualimu na kuhama nyumbani akasomee utangazaji, ila kipindi cha dada kilipoanza redio hakuizima. Redioni dada akataja albamu mpya mbili, kisha ya tatu. "Hii isikilizeni mmekaa," alisema. "Shikamoo, mama."

Mama akaketi juu ya ndoo. "Marahaba, mwanangu."

Wimbo ukaanza palepale. Niliduwaa, nikaamini dada alikuwa anasubiri kuitikiwa.

Leo najua redio haisikii. Lakini jioni ile mama aliweka sahani moja zaidi, na dada akaja.