Uzi Ulipokatika kwa Nyokabi

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, baridi ile ya Nairobi ya kukufanya ufiche mikono kwapani, nami niko jukwaani na vayolini, vidole vimekataa kabisa kupata joto. Kaa hapa karibu nikueleze. Wiki hii nimekuona unavyohangaika na hayo mashindano yenu, chakula unakizungusha tu kwenye sahani.

Enzi hizo tulikaa Kariobangi, na baba yangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kanisa letu lilikuwa limepewa vayolini kuukuu, na Mwalimu Elkana, aliyeongoza kwaya, akawa anatufundisha bure watoto wa mitaa ile, wa Dandora, wa Baba Dogo, hata wa Buru Buru. Kila Agosti tulikuwa na tamasha letu la wapiga nyuzi. Wiki nzima ni mazoezi, halafu Jumamosi wazazi wanakuja ukumbini kusikiliza.

Mimi nilikuwa mtoto wa ndoto nyingi. Nikisugua sufuria, kichwani niko jukwaani napigiwa makofi. Nikitumwa makaa, ninarudi na nusu debe na wimbo mzima. Mama alicheka. Baba hakucheka.

Mwaka huo shangazi yangu, aliyekuwa na kibanda cha mboga sokoni, alitaka mtu wa kumsaidia jioni na Jumamosi, saa zilezile za vayolini. Baba akaniita.

"Mutheu, mimi hicho kifaa sikielewi. Jumamosi nitakuja. Nikikusikia wewe, peke yako, nione kweli kuna kitu, utaendelea. Nisipokusikia, Jumatatu uko kwa shangazi yako, na hilo sanduku la vayolini linarudi kanisani."

"Utanisikia, baba."

"Haya, mama. Tutaona."

Niliahidi kwa kifua mbele kwa sababu nilikuwa na uhakika. Wimbo wetu wa mwisho ulikuwa na sehemu mbili za kupigwa na mtu mmoja mmoja. Ya kwanza, ndefu, ilikuwa ya Nyokabi, aliyekaa kiti cha mbele. Ya pili ilikuwa yangu mimi, niliyekaa nyuma yake. Akimaliza yeye, bila hata wimbo kupumua, ninaingia mimi. Yangu ilikuwa fupi, ungemenya ndizi moja ikaisha, lakini ilikuwa yangu, na yote ilipigwa kwenye uzi ule mwembamba unaolia juu kabisa.

Nyokabi alikuwa wa Buru Buru, nyumba mpya, viatu vinang'aa hata siku ya mazoezi.

"We Kario," aliniambia siku ya kwanza, akiifupisha Kariobangi yetu, "vayolini yako inanuka mafuta ya taa."

"Na yako inanuka maringo."

Tukacheka wote wawili, lakini si kicheko cha kukaa karibu.

Alhamisi, katika mazoezi, kijana mmoja alikatikiwa na uzi mwembamba. Mwalimu akatoa wa akiba, na huo ndio uliokuwa wa mwisho. Nyuzi hizo hukuzipata dukani kama sindano. Akatusimamisha, akatuambia desturi ya wapiga nyuzi.

"Wa mbele akikatikiwa katikati ya wimbo, aliye nyuma yake anampa vayolini yake, anachukua ile mbovu. Palepale. Hakuna kuulizana."

Nikanong'ona, "Si yangu lakini."

Mwalimu Elkana alikuwa na masikio, we!

"Mutheu, simama. Hiyo mkononi ni nini?"

"Vayolini, Mwalimu."

"Aa. Nilidhani ni mswaki, vile hutaki kuazimana."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, Nyokabi akicheka kuliko wote. Mwalimu hakucheka. Alikuja karibu, akaongea polepole, na hayo maneno ninayo mpaka leo. "Kuna mama atatoka Dandora kwa miguu, mtoto mgongoni, aje asikie wimbo. Wimbo, Mutheu. Utamwambia umeishia hapo kwa sababu kila mtu alishikilia chake?"

Nikaketi. Masikio yalikuwa moto. Moyoni nikasema, haya, lakini yasinipate mimi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama madirishani. Baba aliingia na koti lake la kazi, la kaki, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyeacha gari vibaya. Alikunja mikono. Hakunipungia.

Tulipiga nyimbo za kwanza vizuri tu. Ukaja ule wa mwisho. Nyokabi akaanza sehemu yake, na sitamnyima haki yake, mwanangu, yule msichana alijua kupiga. Watoto waliokuwa wakilia wakanyamaza. Mimi nyuma yake nilikuwa nimeshapaka upinde ulimbo ili ulie vizuri, nimeshaweka vidole, nasubiri zamu yangu. Baba akainua kidevu. Nikajua ananitafuta.

Ta!

Uzi wa Nyokabi ulikatika, ukajikunja hewani kama unywele uliounguzwa. Ulikuwa uleule mwembamba. Waliobaki wakaendelea kupiga chini kwa chini, wimbo ukawa kama mtu anayetembea hana kichwa. Nyokabi hakugeuka. Alinyoosha tu mkono wake nyuma, kwangu, kiganja wazi.

Mkono ule niliuangalia. Nakwambia kweli, mikono yangu ilikaza. Nikimpa, sehemu yangu inakuja sasa hivi, na vayolini nitakayobaki nayo haina uzi ninaouhitaji. Baba yuko palepale mlangoni. Jumatatu iko palepale nyuma yake, na gunia la sukuma wiki. Kiganja kikafumba, kikafunguka tena. Hapo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza wiki nzima, kwamba Nyokabi naye alikuwa mtoto tu, anaogopa mbele ya watu, na wa kumtoa pale ni mimi peke yangu.

Nikampa.

Akaidaka, akaingia katikati ya wimbo kana kwamba hakuwa ametoka. Mimi nikabaki na yake mapajani, uzi unaning'inia. Sehemu yake ikaisha. Yangu ikafika. Hakukuwa na nafasi ya kurudishiana chochote, na Nyokabi akanitupia jicho, macho yamejaa maji, akaendelea. Akaipiga sehemu yangu. Alikuwa ameisikia begani kwake wiki nzima, aliijua yote. Ni vayolini yangu iliyolia ukumbini, ni wimbo niliousubiri, na mimi nimeketi kimya kama mzigo. Nilimwangalia baba mara moja tu. Alikuwa amekunja uso.

Makofi yakapigwa. Nyokabi akanivuta mkono nisimame naye. Akaninong'oneza, "Mutheu, haki, sikujua ungenipa."

Nje baba alikuwa ananingoja, mikono mfukoni. Tukashika njia ya nyumbani.

"Sikukusikia," akasema.

"Najua, baba."

"Yule msichana wa mbele ndiye nimemsikia. Ile vayolini aliyopiga mwisho ilikuwa yako?"

"Ni yangu."

"Na wimbo wenyewe, ule wa mwisho?"

"Pia ulikuwa wangu."

"Nani alikuamrisha umpe?"

"Hakuna, baba. Ndivyo tunavyofanya. Uzi wa mbele ukikatika, wa nyuma anatoa."

Akasimama katikati ya njia. Nilidhani amekasirika.

"Sisi barabarani," akasema, "ukimkuta mwenzako amekwama mteremkoni usiku, humuulizi lori ni la tajiri gani. Unasimama, unatoa jeki yako. Hata kama unachelewa, hata kama utafutwa kazi. Mimi nilidhani kule kanisani mnakwaruza nyuzi tu." Akachukua lile sanduku mkononi mwangu, akalibeba yeye. "Shangazi yako atafute mtu mwingine. Lakini mama, mwakani beba nyuzi za akiba. Dereva gani anatoka bila spea?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja, makamasi na yote.

Sasa mwanangu, hayo mashindano yako. Fanya mazoezi, utake kusikika, hakuna ubaya, hata mimi nilitaka. Lakini siku utakayoona mkono wa mwenzako umenyooshwa nyuma, hasa yule aliyekucheka, usianze kupima nani atakuona na nani atakusahau. Mpe. Wimbo ukifika mwisho salama, wewe pia umefika nao. Na ukiwa wewe ndiye wa mbele, kumbuka nawe kumtazama aliyekupa, umvute mkono asimame.

Mungu akulinde, akupe mikono yenye joto siku ya baridi, na akuweke mbele ya watu wa kukupa chao siku chako kitakapokatika. Sasa kula hicho chakula, kimepoa.