Jiwe Liitwalo Kifutio

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na majina manne, na alitaka yote manne yatajwe, tena yakitanguliwa na "Mwalimu Mkuu Msaidizi", cheo alichokishika muhula mmoja tu, mwenye cheo alipokuwa anaumwa. Wanafunzi, kwa heshima zote, tulimwita Kifutio. Kile kifutio chake cha ubao, akikirusha, kilikuwa hakikosi mtu. Ukijificha nyuma ya kabati kinakufuata huko huko. Aliyesikika akilitamka jina hilo alifyeka uwanja mzima peke yake.

Alistaafu akiamini jina limezikwa. Maskini.

Siku moja akapigiwa simu na mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyeujua ule uwanja nyasi kwa nyasi, ambaye sasa anafanya kazi kwenye kituo cha kuchunguza anga. Alikuwa amegundua asteroidi, jiwe linalolizunguka jua huko kati ya Mirihi na Mshtarii. Njia yake ilishapimwa ikathibitika, na kwa taratibu zao mgunduzi ndiye anayependekeza jina.

"Nimelipa jina lako, Mwalimu. Kamati imepitisha."

Mwalimu akakaa vizuri kitini. "Yote manne?"

"Hayakuenea. Mwisho herufi kumi na sita."

"Sasa mmeandika nini?"

Binti akasita. "Kifutio."

Mkewe, aliyekuwa anapiga pasi pembeni, alicheka mpaka akaunguza shati.

"Nitawaambia wabadilishe!" Mwalimu akafoka.

"Baba watoto, hicho si kitambulisho kwamba wamekosea herufi. Ndiyo limeshakwenda hilo."

Akanuna, akasusa na chai, kana kwamba kamati ingepata habari ikaingiwa na huruma.

Shule nayo, badala ya kunyamaza, ikaandaa sherehe. Ukumbini likatundikwa bango refu, na wanafunzi wote wakasimama wakaitikia kwa pamoja: "Ki-fu-ti-o!" Mwalimu akazitazama zile nyuso moja moja, kwa mazoea, akitafuta wa kuadhibu. Hakujua aanze na nani. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anaitikia.

Yule binti akapanda jukwaani. "Ulituambia dunia imening'inia bila kamba," alisema. "Mimi sikukuamini, Mwalimu. Ndiyo maana nikaenda kuhakikisha."

Mwalimu akakohoa, akatoa leso, akasingizia vumbi la chaki. Shule ile ilishaacha chaki zamani.

Tangu hapo amebadilika, yaani amezidi. Kwa kinyozi hujitambulisha kuwa jirani wa Mshtarii, na majina yake manne hana tena haja nayo. Juzi shemeji yake alimuuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama jiwe hilo halitakuja kutuangukia.

Mwalimu akamwangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Niache njia yangu, nisafiri kote huko, nije kukuangukia wewe? Kwani una nini?"