Neema ameikaa chini katikati ya mbio

Leo mutoto wa miaka minane amenifunga kinywa. Minye, mimi huyu! Na munajua mudomo yangu.

Minye ndiye nafundisha batoto wa masomo ya primere michezo huku Kilibula. Diploma sina, lakini batoto wangu banakimbia kushinda pikipiki za Kavimvira. 😎

Leo tulikuwa tunajaribu mbio ya kupokezana kijiti, ya mashindano ya kesho. Neema, mwenye mbio kushinda bote, akaikaa chini katikati ya uwanja.

Nikaanza kumuchokoza:
«Ee bibi arusi, unangoja bakubebe?»

Batoto bakacheka. Yeye hapana.

«Mwalimu, kwetu leo haiko zamu ya batoto kula. Leo banakula bakubwa.»

Kicheko ikaisha. Lakini mwenye alishangaa ni minye peke yangu. Benzake banajua hiyo zamu.

Nikamuambia apumzike, kesho nitaweka mwingine. Akanishika mukono:

«Usinitoe! Kesho ni zamu yetu, nitakimbia sana!»

Mashindano iko kesho asubuhi. Kwao banapika mangaribi tu, jua ikizama.

Nimemuacha mu ekipe, kati ya benye batakimbia.

Mwenye iko na matusi juu yangu aandike hapa chini. Niko nasoma.