Pikapu Yangu Mpya Ilikataa Kumzika Baba

Wiki ya kwanza tu nikiwa na pikapu yangu mpya, ilikataa kumpeleka baba yangu kaburini.

Sisemi iliharibika. Ingeharibika ningeelewa. Ilikuwa nzima kabisa, betri imejaa, mafuta yapo, na ikakataa.

Nilijiunga na ukurasa huu ili niandike maoni ya mmiliki mpya, kama mnavyofanya wengine. Kuna mtu hapa ananiuliza kila siku, "Dada, mbona kimya? Gari likoje?"

Haya. Liko hivi.

Naitwa Renae Tofte. Naishi magharibi ya Minnesota, karibu na mpaka wa Dakota, mahali ambapo mtu asiye na pikapu huulizwa kama anaumwa. Kazi yangu ni kupika shuleni.

Baba yangu, Harlan, alikuwa na pikapu moja kubwa tangu nikiwa mdogo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji iliila chini kwa chini, mpaka fundi akagoma hata kuinyanyua kwa jeki. Baba mwenyewe ndiye aliyesema iende kwenye vyuma chakavu. Aliipiga boneti kofi moja, kama unavyompiga ng'ombe unayemuuza, akaingia ndani kunywa kahawa.

Ndipo nikanunua hii ndogo.

Ni haibridi. Ina injini ya petroli na mota ya umeme, vinapokezana vyenyewe bila wewe kuambiwa. Milango minne, na nyuma sehemu fupi ya mizigo. Fupi kweli. Mtu mzima akilala humo, miguu itaning'inia.

Siku niliyoileta, baba alikuwa tayari mgonjwa wa moyo, anatembea nyumbani akishika kuta. Lakini alitaka kupanda.

Nikamwegemeza begani, nikamkalisha kiti cha abiria. Nikabonyeza kitufe. Taa za dashibodi zikawaka.

Kimya.

"Haijawaka," baba akasema.

"Imewaka, baba."

"Renae, mimi nimeendesha magari tangu sijaota ndevu. Hiyo haijawaka."

Nikaachia breki. Tukaanza kusogea bila sauti yoyote.

Baba akaidaka dashibodi kwa mikono miwili. "Inaserereka! Kanyaga breki, mtoto wewe!"

"Uwanja huu ni tambarare, baba."

Akatazama nje. Akatazama magurudumu kwenye kioo cha pembeni. Akafikiri.

"Basi hii," akasema, "ni gari ya kumtoroka mke."

Nilicheka mpaka nikasimamisha gari. Mama yangu, Arlys, aliyekuwa kwenye ngazi za mbele, akapaza sauti, "Mnacheka nini huko?" Hatukumwambia.

Tulikwenda hadi kwenye maghala ya nafaka tukageuza. Njiani injini ikawaka yenyewe, na baba akaiambia, "Ahaa, kumbe umo!"

Tulipokaribia nyumbani akasema, macho yake yako shambani, "Nikifa, msinitie kwenye lile gari jeusi la maiti la Lindahl. Nipelekeni na pikapu yetu."

"Baba, tuachane na hayo."

"Nimeshasema."

"Sawa."

Ikaishia hapo. Kwetu mtu akitoa neno zito, unalipokea, halafu mnazungumzia mvua.

Alifariki wiki hiyohiyo, kwenye kiti chake, televisheni ikiwa inasoma bei za mahindi.

Kaka yangu Duane akaja kutoka Fargo. Duane anauza bima, anavaa koti refu, na huwa anapima vitu. Alipima jeneza, akatoka nje akapima pikapu yangu, akarudi jikoni akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Dada, hicho ni kiatu. Si gari. Baba atatoka nje kuanzia magotini."

Bwana Lindahl, mwenye kampuni ya mazishi, alikuwa mezani na kikombe chake. Ni mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini hata akiagiza sukari.

"Kisheria inawezekana," akasema. "Mlango wa nyuma unabaki wazi, tunafunga mikanda, na mwishoni tunaning'iniza kitambaa chekundu. Kama mzigo wowote uliozidi."

"Kitambaa chekundu!" Duane akaruka. "Baba yetu ni mbao?"

Jirani yetu Elroy, rafiki wa baba tangu shule, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Chukueni langu," akasema. "Linabeba fahali. Litamshindwa Harlan?"

"Alisema pikapu yetu," nikasema.

"Alimaanisha ile ya zamani, Renae. Ile iliyokufa."

"Ile ilikuwa imeshaondoka. Alikuwa amekaa kwenye hii."

"Mgonjwa yule! Alijua alikuwa amekaa wapi? Unataka watu wote wa kanisani watucheke?"

Mama alikuwa kwenye sinki anafuta sahani moja. Aliifuta, akaigeuza, akaifuta tena.

Nilishinda ubishi ule kwa sababu nililia. Hoja sikuwa nayo. Nilikuwa na neno moja la baba tu, na niliona nikilipoteza hilo sina kitu kingine cha kumfanyia.

Ilikuwa Machi, theluji inayeyuka. Tukampakia. Sehemu kubwa ya jeneza ilikuwa ndani, nyingine nje, na kile kitambaa chekundu kikipepea mwishoni. Duane hakukitazama.

Nikaendesha polepole sana, mwendo wa mtu anayetembea. Na kwa mwendo huo, wamiliki wenzangu mnajua, injini inalala. Umeme peke yake.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Nilisikia kokoto moja moja chini ya magurudumu. Nilisikia mikanda ikilia. Nilisikia wabebaji sita wa jeneza wakihema, wanatembea pembeni, na Elroy akimwambia mwenzake, "Harlan angeichukia hii. Halafu angeomba kuiendesha."

Lori la nafaka lililokuwa likija mbele likasimama pembeni. Dereva akashuka, akavua kofia.

Kwa muda ule mfupi niliipenda gari yangu. Nilijiambia, nimefanya jambo moja sawasawa.

Tukafika makaburini.

Kaburi lilikuwa kule chini kabisa, karibu na uzio, na njia ya kokoto inaishia juu. Kati yake ni nyasi zilizolowa, tope linalomeza kiatu. Wabebaji wote isipokuwa Duane walikuwa wazee. Elroy ana nyonga ya bandia. Kwa hiyo ilipangwa nirudi kinyumenyume taratibu mpaka karibu na shimo, wamshushe hapo.

Nikaweka gia ya kurudi nyuma. Kioo cha kamera kikanionyesha tope tupu, kwa sababu kamera iko kwenye mlango wa nyuma, na mlango ulikuwa umelala.

Nikasogea kidogo.

Pii! Pii! Pii!

Na gari ikajifunga breki yenyewe. Kwa nguvu. Jeneza likaruka kwenye mikanda, na watu wote wakasema "Ah!" kwa pamoja.

Sikuwa nimegusa breki, jamani. Mguu wangu ulikuwa hewani.

"Taratibu!" Duane akafoka.

"Si mimi!"

"Ni nani sasa?"

Nikajaribu tena. Pii! Pii! Breki. Gari imeona kitu nyuma, ikaamua mimi ni mjinga ninayetaka kugonga, ikaniokoa.

"Wanaume wasogee!" nikapiga kelele. Wakasogea. Nikajaribu. Pii! Breki. Labda iliona jeneza. Labda ule mlima wa udongo kando ya shimo. Nani ajuaye inaona nini?

Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Akakifunga.

"Zima hiyo kelele," Duane akasema dirishani, meno yamebana.

"Sijui inazimwa wapi!"

"Gari ni lako!"

"Nina wiki moja nalo!"

Nikabonyeza hapa, vifuta kioo vikaanza kucheza. Nikabonyeza pale, redio ikapasuka na tangazo la mbolea. Mwanamke mmoja nyuma akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Nikabonyeza tena, redio ikanyamaza, kiti changu kikaanza kupata joto.

Nikaweka mikono kwenye usukani, nikainamisha kichwa juu yake. Nikasema moyoni, baba nisamehe, nimekufanya kichekesho.

Mlango wa abiria ukafunguliwa. Mama akapanda, amevaa buti za mpira chini ya gauni lake jeusi. Akafunga mlango. Akaweka mkoba mapajani.

"Mama, haitaki."

"Naona."

"Duane alikuwa sahihi. Tungechukua la Elroy. Nimeng'ang'ania tu, nikidhani baba anataka gari hili."

"Hakuwa anazungumzia gari," mama akasema.

Nikamtazama. Yeye alikuwa anatazama mbele, kwenye vifuta kioo vilivyokuwa bado vinacheza.

"Kabla yenu kulikuwa na mvulana," akasema.

Alisema kama anavyosema kuna keki mezani.

"Aliishi asubuhi moja. Ilikuwa Januari. Mimi nilikuwa bado hospitalini, hawakuniruhusu kuinuka. Baba yake Lindahl alikuja na gari jeusi kumchukua. Harlan akamkatalia mlangoni. Akakiweka kile kisanduku kwenye kiti cha mbele cha pikapu, pembeni yake, akakifunga mkanda. Akamleta hapa mwenyewe, kwenye theluji. Halafu akarudi hospitalini akaniambia, 'Sikumpa mgeni. Nimempeleka mwenyewe.'"

Nikabonyeza pale pa kwanza, vifuta kioo vikasimama.

"Hatukuzungumza tena habari hiyo," mama akasema. "Hata siku moja."

"Yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kupitia dirisha la nyuma. Kando ya shimo la baba, karibu na uzio, kulikuwa na jiwe bapa limezama kwenye nyasi za mwaka jana. Nalijua jiwe lile. Kila mwaka tulipoletwa kuweka maua kwa babu na bibi, mimi na Duane tulikuwa tunashindana kuliruka. Tulidhani ni alama ya mpaka. Baba alikuwa akisimama pale, mikono mfukoni, na hakutukataza.

"Aliitwa nani?"

"Harlan. Baba yenu alisema jina moja litawatosha wote wawili."

Akafungua mkoba, akatafuta kitambaa, akanipa mimi badala ya kujifuta yeye.

"Alitaka apelekwe na mtu wake," akasema. "Ungemleta hata kwa toroli, Renae."

Nilipogeuka, Duane alikuwa bado dirishani kwangu. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili.

"Shuka, dada," akasema taratibu. "Tumchukue."

Nikaweka gia ya kuegesha, nikashuka, tukafungua mikanda. Duane akashika mbele, mimi nikashika upande wa pili, mahali pa Elroy.

"Wewe mzee kaa pembeni na hiyo nyonga," Duane akamwambia.

"Nyonga hii haina hata miaka mitatu," Elroy akajibu. "Wewe ndiye chakavu." Akashika nyuma yangu.

Tope likanivua kiatu. Nikakiacha. Mtu mmoja akateleza, jeneza likainama, watu wakakimbia kusaidia, na mwishowe sijui ni mikono ya nani na nani iliyokuwa pale. Mama alikuja nyuma kabisa, kiganja kimegusa mbao tu.

Tukamteremsha kando ya mwanawe.

Duane aliliepuka lile jiwe kwa hatua ndefu. Baada ya sala akarudi, akapiga magoti na lile koti lake refu, akaanza kung'oa nyasi juu yake kwa kucha.

Watu walipoondoka kwenda kula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, mkate na nyama ya nguruwe kama kawaida, nikarudi kwenye gari. Nikagundua ilikuwa inawaka muda wote. Imekaa pale na mlango wazi, sala nzima, wimbo mzima, na hakuna aliyejua.

Nikabonyeza kitufe kuizima.

Kwenye skrini ya dashibodi kikatokea kijani kizuri cha maandishi, alama ambazo gari humpa dereva akiizima: Hongera! Umefunga breki kwa ustadi. Asilimia mia.

Nilikaa na mguu wangu mmoja wenye soksi ya tope, nikakitazama kijani kile mpaka kikapotea chenyewe.

Nina hasira, lakini sijui na nani. Gari ilifanya kazi yake. Baba alinyamaza kwa sababu ndivyo alivyoweza. Mama hivyohivyo. Nina kaka mkubwa ambaye niliruka juu ya kichwa chake utoto wangu wote, na hakuna ninaloweza kumfanyia zaidi ya kung'oa nyasi.

Basi, maoni ya mmiliki mpya ni haya. Haili mafuta. Haina kelele. Sehemu ya mizigo ni fupi. Ile breki ya nyuma inazimwa kwenye mipangilio, ukurasa wa pili, na ninyi mnaonunua, tafuteni mapema.

Na mtu wako akikuomba jambo la siku yake ya mwisho, usimjibu "sawa" peke yake. Muulize kwa nini, wakati bado anaweza kukujibu.

Mimi nilikuwa naye pembeni yangu, barabara tupu, gari kimya kiasi kwamba hata mnong'ono ningeusikia. Na baada ya ile "sawa" yangu, kitu pekee nilichomuuliza mpaka tunafika nyumbani ni kama kiti chake kimepata joto.

Akasema kimepata.