Shangazi wa Waziri

Winifred Garside aliamka na hasira siku hiyo, hasira ya kubamiza milango ya makabati. Chai alikunywa, haikusaidia kitu.

Maisha yake yote aliitumikia Skelby, mji wa bandari wenye upepo wa kukata masikio. Alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi, na nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Alipostaafu akajitwisha kazi nyingine ya bure: kumnadi Duncan, mtoto wa kaka yake. Kila uchaguzi alizunguka hata kwenye mvua, mlango kwa mlango. "Mpeni huyu, ni wetu." Wakampa. Duncan akawa mbunge, kisha Waziri Mkuu akamwita, akawa Waziri wa Uchukuzi, na kiti akapata kwenye meza ya baraza la mawaziri.

Na sasa serikali hiyohiyo inaifunga wodi! Wajawazito wa Skelby wakazalie Thornwick, mwendo wa saa nzima barabara ikiwa kavu. Tamsin, mjukuu wa Winifred, alikuwa anatarajia kujifungua Januari, na Januari barabara ile huzikwa na theluji.

Asubuhi hiyo, kabla ya mkutano na wananchi, Duncan alipita kwa shangazi yake. Akakaa jikoni, akapaka siagi kwenye mkate.

"Wakati wanaamua ulikuwa wapi?" Winifred akamvaa. "Ulisinzia?"

"Nilipinga, shangazi. Nilipinga mpaka Waziri Mkuu akanikazia macho. Tulizidiwa."

Moyo wa Winifred ukalegea kidogo. "Sasa si ukawaambie watu hivyo!"

"Siwezi. Ya barazani yanabaki barazani. Tukitoka pale, wote tunasema kitu kimoja, hata yule aliyekataa. Ukishindwa kukitetea, unajiuzulu."

"Basi jiuzulu."

"Nikitoka, mle ndani atawasemea nani?"

"Kwani sasa hivi anatusemea nani?"

Duncan akatazama saa, akasema wanachelewa.

Ukumbi wa kanisa ulifurika. Duncan akaeleza kwamba barabara ya Thornwick itapanuliwa. Cuthbert, fundi bomba mstaafu mwenye sauti ya tarumbeta, akamkatiza.

"Mfalme si akatae tu?"

Watu wakacheka. Duncan naye akatabasamu. "Hili halifiki hata kwake, mzee wangu. Na hata lingefika, Mfalme hufuata ushauri wa mawaziri wake."

"Mawaziri si ndio nyinyi?"

"Ndio sisi."

"Kwa hiyo nani kaamua? Tutajie jina, tujue wa kumlaani!"

"Hakuna jina. Tumeamua sote."

Sote! Winifred akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Acha uongo wewe! Wewe ulipinga. Umeniambia leo, jikoni kwangu, mdomo umejaa mkate wangu!"

Simu zikainuliwa juu. Neno moja tu, ndiyo, na Duncan angekuwa mtu wa Skelby tena, bila uwaziri.

"Shangazi yangu amenielewa vibaya," akasema. "Uamuzi huu ni wa serikali, na mimi nauunga mkono kikamilifu."

Huko nyuma mtu akaguna, "Kaa chini, bibi, uzee huo." Akaambiwa hivyo Winifred, mbele ya wanawake waliomng'ang'ania mikono wakiwa na uchungu! Mashavu yalimwaka. Angekuwa na kitu mkononi angekirusha, nami nisingemlaumu.

"Sawa, nimeelewa vibaya," akasema. "Basi nieleweshe. Huyu hapa Tamsin, binamu yako mwenyewe amemzaa. Mwambie wewe, Duncan, usimwambie kwa niaba ya serikali. Uchungu ukimshika na barabara imezibwa, afanye nini?"

Duncan akamtazama Tamsin, akalitazama lile tumbo, kisha akainamia karatasi yake.

"Serikali imejipanga kuhakikisha kwamba..."

Tamsin hakungoja. Akamshika bibi yake mkono, wakatoka. Cuthbert akafuata, halafu safu ya mbele, halafu ukumbi mzima, viti vikikwaruza sakafu. Winifred alilia pale nje, machozi ya hasira tupu, huku ndani sauti ya Duncan ikiendelea kusoma mpaka mwisho wa karatasi.

Wodi ilifungwa Novemba. Duncan bado ni waziri.