Mkono wa Mama na Vidonge Vyangu

Msimamizi wa shamba la mizabibu kule Makutupora nilimchukia tangu siku ya kwanza, na sijaacha. Kila asubuhi alisimama getini akiwagusa wafanyakazi paji la uso kwa kiganja chake. Mwenye joto alirudishwa nyumbani, na mstari wake wa mizabibu ukapewa mtu mwingine kwa msimu mzima. Alijiona daktari. Mikono ya watu hakuwahi kuiangalia.

Mama alijikata kidole kwa mkasi wa kupogolea. Siku ya tatu kidole kimevimba, mwili unachemka, naye yuko mlangoni anavaa viatu vya shambani.

"Nitafutie vidonge vya homa, mwanangu. Nikifika getini niwe nimepoa."

Mimi nilikuwa nasomea maabara ya tiba mjini Dodoma. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha saitokini, protini ndogo ambazo seli huzitoa zikikutana na vijidudu. Hizo ndizo zinazoita chembe nyeupe za damu zije kupigana, na ndizo zinazouambia ubongo upandishe joto. Homa, alisema, si ugonjwa wenyewe. Ni mwili unapiga yowe. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, mpumbavu mimi.

Nikamletea vidonge. Siku nne mfululizo nilimpa, nikamsindikiza hadi getini, na yule bwana akamgusa akampitisha.

"Mama huyu mzima kabisa!" alisema siku moja, akicheka.

Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nilimwamkia, "Shikamoo," nikaenda chuoni. Joto lilishuka, lakini vijidudu viliendelea na kazi yao. Siku ya tano ya vidonge, mstari mwekundu uliotoka kidoleni ulikuwa umefika kwenye kiwiko, na Mama hakuweza kushika kikombe cha chai.

Hospitalini walisema kidole kitakatwa, mkono watajaribu kuuokoa. Daktari, mama wa makamo asiye na subira, alitukazia macho.

"Nani alikuwa anampa dawa za kushusha homa?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Hakuna mtu, daktari. Nilikuwa nanunua mwenyewe, kwa siri. Huyu mwanangu anasomea mambo haya, angenikataza."

Daktari akanigeukia, sura imelegea, akanipa pole.

Nikasema asante.