Nilivyolichemsha tapeti kava ya shemeji kwenye dawa ya sabuni, kidogo gari iende kwenye mzani wa chuma chakavu

Wakuu, shikamooni wote mlionizidi umri. Nyie wengine shikamoo yenu naipokea, hata kama hamjaniamkia.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Ilomba, Mbeya. Sijaweka chumvi. Atakayebisha aje nyumbani, ushahidi upo kwenye banda la kuku, nitafika huko.

Shule yangu ilikuwa fupi na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Iko hivi.

Kuna gari ya sports, coupe ya Kijapani ya zamani, milango miwili, zile ambazo taa zinalala na kuamka kama macho ya chura. Ilikuwa ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mhehe wa Ipogolo kule Iringa. Ujana wake alitamba nayo sana huyu bwana.

Siku moja alikuja kutusalimia, ikachemsha njiani, ikaingia uani kwangu inatoa mvuke kama sufuria ya makande. Haikutoka tena. Akapanda basi akarudi kwake, miaka ikakatika, kuku wangu wakahamia siti ya nyuma. Na walitaga vizuri sana humo, siwezi kusema uongo.

Sasa mwaka jana akapiga simu, na kwa kuwa mimi ni Mnyakyusa, jina langu kwake ni mla ndizi.

"Mla ndizi, hilo banda lako la kuku bado lina matairi?"

"Linayo, shemeji, ila hayana upepo."

"Basi likae tayari. Kuna jamaa wa chuma chakavu nimewaelekeza kwako."

Wakuu, mimi ni fundi. Mimi nimeshika magari ya watu maisha yangu yote. Nimelala chini ya magari ya watu, nimepakwa oili na magari ya watu. Ya kwangu sijawahi kuwa nayo hata ya kusukuma. Mdomo ukanitangulia:

"Usiwape. Nipe mimi, naifufua."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akawa serious.

"Sikia. Ikifika mlangoni kwangu kwa miguu yake kabla ya harusi ya Upendo, ni yako. Ikija na kamba, au isipokuja, inaenda mzani."

Upendo ni binti yake. Harusi ilikuwa imekaribia.

Upande wa kufufua haukunipa shida. Nilifungua injini, silinda hedi ilikuwa imepinda kwa joto, nikaipeleka kwa jamaa mwenye mashine akaisawazisha. Gasketi mpya, mikanda mipya, rejeta ikazibuliwa. Kuku nikawajengea kwao. Jogoo alinikasirikia, mpaka leo akiniona anageuka.

Kosa langu lilikuwa urembo.

Shemeji ana tabia moja, akiona gari lazima afungue boneti. Hata msibani. Nikasema akifungua hii lazima anyamaze. Na chuma kinachoonekana kwanza ukifungua ni tapeti kava, ile kofia inayofunika vavu juu ya injini. La hii gari ni la aluminiamu, lina mistari na herufi zimesimama. Lilikuwa jeusi kwa oili iliyoganda.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Nikiwa kijana nilikuwa kibarua karakana ya kiwanda cha karatasi, Mgololo. Kule baridi mnaijua, na ile harufu ya kiwanda wageni walikuwa wanaziba pua, sisi tunakula ugali maharage na hatuisikii. Sasa pale chuma kikichafuka tulikuwa tunakitumbukiza kwenye maji ya moto yenye kostiki soda. Kinatoka kimetakata kabisa.

Na mke wangu, Mama Neema, anatengeneza sabuni za kuuza. Kostiki ipo ndani.

Mnaona ninapoelekea?

Nikachukua ndoo, nikaweka maji ya moto, nikaweka kostiki, nikatumbukiza kava. Nikaenda zangu kunywa chai.

Kurudi, ndoo inanguruma. Povu jeusi linamwagika, moshi unachoma pua. Mama Neema akatoka mbio.

"Baba Neema! Umechinja nini humo?"

"Nasafisha kava."

"La chuma au la aluminiamu?"

"La aluminiamu."

"Mume wangu, mimi sufuria za aluminiamu sizigusishi na kostiki hata siku moja. Inazila! Hujawahi kuona sabuni nachemshia kwenye pipa la chuma?"

Nimeona. Miaka yote nimeliona lile pipa, sikujiuliza.

Mgololo tulikuwa tunatumbukiza chuma, wakuu. Chuma! Nilipolitoa lile kava (na fimbo, msiguse ile kitu kwa mkono, inakula mpaka ngozi) herufi zote zimelambwa, na pembeni pana tundu unapitisha kidole gumba.

Bila kava gari haiendi popote, oili yote inaruka nje. Nikazunguka Mbeya nzima kwa wauza spea wa mtumba. Hakuna. Wengine injini yenyewe wanaijua kwa kusimuliwa. Nikaanza kuuona ule mzani.

Dereva mmoja wa lori la mpunga akaniambia Usangu kuna Msukuma alikuwa anavuta maji ya shamba kwa injini ya gari kama hiyo, siku hizi ametupa, kanunua pampu ya dizeli. Nikaenda. Nikamkuta mzee Masanja na ng'ombe zake, na injini kweli iko chini ya ghala. Kava zima! Chafu, lakini zima.

"La kwako limeenda wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Akakaa chini. Akacheka mpaka machozi, akaita mke wake, "Njoo usikie huyu Mnyakyusa aliyepika gari!" Nikarudia. Wakaja wanawe, nikarudia. Jirani akapita, nikarudia tena, safari hii na mimi nacheka.

Nikauliza bei.

"Bei gani tena, baba? Si umeshalipa."

Akanifungia na mchele juu.

Hili la pili nililiosha kwa mafuta ya taa na mswaki, kama mtoto mchanga. Nikalipiga msasa na maji, nikapaka rangi nyekundu ya kuvumilia moto. Lakini ile rangi inataka joto ishike, na Mbeya ya wakati ule jua hatulioni. Nikamwangalia Mama Neema. Akaangalia tanuri lake la skonzi.

"Ukinijengea lingine kwanza, hilo la zamani lipike."

Nikajenga. Kava likaingia tanurini. Jirani akaja kuulizia mikate, akajibiwa, "Leo tumepika gari, subiri lipoe."

Lilitoka jekundu linang'aa, mistari nikaikwangua ikabaki fedha. Wakuu, nililibusu.

Safari ilikuwa tamu. Makambako, Mafinga, misonobari inapita, Mama Neema pembeni yangu anaimba kwaya. Kila kilima nasikiliza injini kama daktari. Ikapanda yote.

Tukafika Ipogolo, nikapiga resi moja mlangoni. Shemeji hakuwahi kutoka. Aliyetoka mbio jikoni ni mke wake, Mama Upendo, mikono ina unga, anapiga vigelegele na salamu ya Kihehe hata gari hajaiona. Ameitambua kwa sauti!

"Kamweneeee! Hii ndiyo ilinitoa kwetu siku ya harusi yangu!"

Mimi hilo sikulijua.

Shemeji akaja, akafungua boneti. Akanyamaza. Akagusa kava kwa kidole, akajipangusa jicho, akasema ni moshi. Moshi upi? Injini nimeshazima.

"Shemeji, nijaribu mpaka mjini tu," akaniomba.

Akampandisha mke wake na unga wake, wakapandisha mlima kuelekea mjini Iringa. Nikangoja. Chai ikapoa. Walirudi jua linazama, wanacheka kama wachumba.

"Gari ni yako, mla ndizi. Nimekubali." Halafu kwa sauti ndogo, "Ila Upendo naye angetoka nayo..."

Ungejibuje hapo?

Upendo alitoka nayo, na alipendeza. Sisi tukarudi Mbeya na basi. Mama Neema kaniuliza njiani, "Kwa hiyo umeshinda nini?" Nikamwambia gari. "Iko wapi?" Ipogolo.

Mpaka leo iko Ipogolo. Kadi ina jina langu, boneti anafungua yeye. Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia, anaweka simu kwenye injini nisikilize. Mimi nasikiliza, nafurahi.

Lile kava la kwanza limekuwa sahani ya kuku bandani. Lile tundu nimeziba na matope.

Nilichojifunza: kabla hujatumbukiza kitu kwenye dawa, uliza ni chuma gani, na muulize aliyeko jikoni, anajua.

Haya, nani mwingine ameshapika spea? Na semeni ukweli, nimfuate shemeji nichukue gari yangu, au niendelee kuisikiliza kwenye simu?